Oveni Inayomngoja Fundi

Mashine yenye adabu ikiharibika, imeharibika. Pasi ikifa imekufa, feni ikikwama imekwama, na mwenyewe anabeba maiti yake anaipeleka kwa fundi. Lakini zipo mashine nyingine zenye tabia ya mtoto aliyedekezwa: mbele ya mgeni zimetulia tuli, mgeni akitoa mguu nje zinaanza vituko.

Oveni ya Mama Keki ilikuwa ya aina hiyo. Iliwaka vizuri, joto likapanda, keki ikaanza kuumuka, kisha ghafla ikazima, taa yake ndogo ya mbele na kila kitu, wakati balbu ya jikoni inaendelea kuwaka na friji inanguruma pale pembeni kana kwamba msiba wa jirani hauihusu. Ikishapoa, iliwaka tena yenyewe bila kuombwa. Kufikia hapo keki ilikuwa imezama katikati, na mwenye sherehe yuko kwenye simu anauliza aje kuichukua saa ngapi.

Bi Sindano aliyajua yote hayo bila kuiona oveni yenyewe. Aliyajua kwa kusimuliwa na mumewe, na ile furaha ya kusimulia ndiyo iliyoanza kumchoma roho.

Jina la Bi Sindano alipewa na wateja kwa sababu mbili, kazi yake na ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Mumewe alitengeneza vifaa vya umeme vya majumbani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba ndani ya nyumba ile fundi alikuwa mmoja tu. Jambo hilo mkewe alilimeza tangu mwanzo wa ndoa, lakini halikuwahi kushuka vizuri. Chumba cha mbele waligawana. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani, sketi za buluu na vipande vya vitambaa. Upande wa mlango palikuwa na pasi zilizopasuliwa matumbo, feni zisizo na mabawa na redio zinazokoroma. Watoto walikuwa wameshakwenda zao, kila mmoja na maisha yake. Mazungumzo yaliyobaki yalikuwa ya kuagizana. Gesi imeisha. Nitaleta. Mlango umefungwa? Umefungwa.

Fundi alikuwa na mtindo wake mmoja wa kazi ambao hukuweza kuukuta kwa mwingine. Kila skrubu ya umeme aliyoikaza mpaka mwisho aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha, nusu juu ya skrubu, nusu juu ya chuma kilichoishika. Tone likipasuka, ujue skrubu imelegea au mkono wa mtu mwingine umepita. Chupa ya kwanza aliiiba kwenye meza ya kioo ya mkewe, fungate haijaisha vizuri. Bi Sindano aligomba, kisha akazoea, kisha akawa ananunua chupa mbili mbili, moja ya vidole vyake na moja ya nyaya. Siku hizo yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Fundi akikaza, mke anatia tone, maana mkono wake ulikuwa umetulia zaidi. Baadaye sare za shule zikawa nyingi, tochi ikapata mkanda wa kuvaliwa kichwani, na kila mtu akabaki upande wake wa chumba.

Dalili ya mvua ni mawingu. Wingu la kwanza lilikuwa shati. Fundi aliyezoea kwenda kwa wateja na fulana iliyotoboka kwapani, sasa akienda kwa Mama Keki alivaa shati la mikono mirefu, na shati lenyewe Bi Sindano ndiye aliyelishona na ndiye aliyelipiga pasi. Yaani alikuwa anampamba mume na kumsindikiza. Wingu la pili lilikuwa harufu. Mtu aliyeinama nyuma ya oveni hunuka vumbi na mafuta. Huyu alirudi ananukia vanila mpaka kwenye nywele. La tatu lilikuwa wimbo. Akipanga bisbisi zake asubuhi, Fundi alianza kuimba puani, wimbo usio na mwanzo wala mwisho, na siku moja Bi Sindano alijikuta mguu wake unakanyaga cherehani kwa kuufuata wimbo ule ule. Aliuchukia mguu wake kutwa nzima.

Mama Keki mwenyewe, Bi Sindano alikuwa amewahi kumwona kwa mbali. Angekuwa mrembo ingekuwa afadhali, kwa sababu uzuri huchuja na mwenye subira huushinda. Mama Keki hakuwa mrembo. Alikuwa mjane wa rika lao, mnene wa kawaida, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Mume aliyefuata sura unaweza kumngoja achoke nayo; aliyefuata kicheko unamrudisha kwa njia gani? Bi Sindano alilala na swali hilo na kuamka nalo.

Jirani wa mlango wa pili, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa vitunguu na kazi yake ya moyoni ilikuwa habari za watu, alikuja kuchukua sketi ya binti yake akakaa bila kukaribishwa.

"Mumeo nimemwona tena kwa Mama Keki," alisema. "Amekaa dirishani na kikombe chake."

"Anatengeneza oveni."

"Kwa kikombe?"

Bi Sindano alikata uzi kwa meno.

"Mimi simsemi mtu," jirani aliendelea. "Nauliza tu. Oveni gani hiyo haifi wala haiponi? Hata mgonjwa wa hospitali hufika siku akatoka, kwa mlango huu au kwa mlango ule."

Bi Sindano alicheka, akamwambia akaangalie vitunguu vyake visije vikaota. Jirani alipoondoka, Bi Sindano aligundua kwamba alikuwa ameshona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia, akakaa kufumua mshono mzima. Alifumua na kuapiza kwa zamu.

Tangu siku hiyo maswali yalihamia mlangoni. Fundi hajavua viatu, anaulizwa alikuwa wapi. Kwa nani? Mpaka saa hizi? Naye alijibu kwa neno moja moja, akipima, kama shahidi aliyeonywa na wakili.

"Ina ugonjwa wa kuvizia," alisema jioni moja alipobanwa sana. "Lazima uisubiri mpaka izime mbele yako ndipo uijue."

"Na ikizima?"

"Nikiifungua inakuwa imeshapoa. Inawaka."

"Wewe uliyefufua redio iliyotumbukia kisimani, leo unashindwa na oveni."

"Umeme wa kuja na kwenda ndio mgumu kuliko wote, mama watoto."

Hapo alisema kweli, na fundi yeyote atakuambia hivyo. Lakini alisema huku anatazama viatu vyake, na mkewe alimwona.

Haikupita wiki Fundi akapata kazi ya mbali, mashine za kufulia za hoteli, kazi ya kutwa. Hajafika mwisho wa mtaa, Bi Sindano alikuwa ameshafunika cherehani. Alitia mkobani bisbisi mbili, koleo na tochi ya zamani. Njiani alipanga maneno ya aina mbili: ya kuanzia, ambayo yalikuwa uongo, na ya kumalizia, ambayo yalikuwa kweli tupu na ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Alipiga hodi. Mama Keki alifungua na mikono ya unga.

"Mimi ni mke wa Fundi," alisema Bi Sindano, na neno "mke" alilitamka taratibu lisije likapotea. "Leo yuko mbali. Amenituma niisubiri oveni izime, nimwambie nilichokiona."

Alitegemea kuona macho yanakwepa. Badala yake alishikwa mkono akavutwa ndani.

"Wifi, karibu, karibu sana. Afadhali umekuja. Kaka Fundi haishi kusema kwamba nyumbani kwake fundi hasa ni mkewe. Eti zamani ulikuwa unamtilia yale matone yake kwa sababu mkono wako umetulia na wa kwake unacheza. Nikamwambia, basi si umlete?"

Wifi. Kaka. Bi Sindano alijiuliza kaka huyu alizaliwa lini na kwa mama yupi. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa ile sifa. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa kwamba mkono wake ulikuwa bora kuliko wa mumewe. Sifa zake mwenyewe zilikuwa zimehamia nyumba ya watu, zinakaa huko zinakunywa chai, na yeye mwenyewe amekuja kuzipigia hodi. Alisema asante kwa midomo iliyokauka.

Jiko lilikuwa dogo na safi. Mayai yalikuwa kwenye trei, mifuko ya unga imekunjwa midomo, makopo ya kuokea yamepangwa kwa ukubwa. Oveni ilikaa juu ya meza nzito, imesogezwa kutoka ukutani ili mtu apate kupita nyuma yake. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti kimoja cha mbao.

"Kaa hapo," Mama Keki alisema. "Hicho ndicho cha Fundi."

Kwa hiyo alikuwa na kiti. Nyumbani Fundi hakuwa na kiti chake. Alikalia kiti chochote kisicho na sare juu yake, na kwa kuwa kiti kama hicho hakikuwepo mara nyingi, alikalia ndoo iliyopinduliwa. Bi Sindano aliketi. Upepo ulipita dirishani, mwanga uliangukia meza, na hapakuwa na kitu chochote cha kukunja, kupanga wala kutafuta. Alikaa kwa hasira, lakini alikaa vizuri.

Kusubiri oveni izime ni kazi ya ajabu. Huwezi kufanya jambo lingine, na hakuna wa kukulaumu kwa kutolifanya. Mama Keki alipiga mayai, akamimina, akaingiza trei ya kwanza, baadaye ya pili. Alizungumza huku mikono yake inafanya kazi, bila kumkazia mtu macho, na mtu asiyekaziwa macho hufunguka. Alimuuliza mgeni wake habari za afya, na alipojibiwa "salama" hakuridhika. Macho yanaendeleaje na kushona kote huko? Bi Sindano alijikuta anasema kwamba jicho la kushoto huchoka mapema siku hizi na anaogopa. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Na huyu mumeo ananichekesha," Mama Keki alisema. "Ile hadithi ya redio ya baba yake. Alivyoifungua akiwa mdogo amtafute msoma habari, akamkuta mende."

Bi Sindano alitazama oveni.

"Akajua basi mende ndiye anayesoma. Akawa anamwekea sukari kila siku, ili asome habari nzuri, baba yake afurahi." Mama Keki alicheka kile kicheko chake, na kwa karibu kilikuwa kizuri kweli. "Unaijua, si ndiyo?"

"Naijua," alisema Bi Sindano. Hakuwa akiijua.

Wivu wa kitanda unajulikana, una nyimbo zake na waganga wake, na mwenye nao hupata watu wa kulia naye. Wivu wa mende, Bi Sindano hakujua aupeleke wapi. Mume wake alikuwa mtoto mdogo, alimlisha mende sukari ili baba yake afurahi, na habari hiyo ilipita mbele ya mlango wake ikaenda kukaa kwa mwoka keki. Alitamani Mama Keki awe mwizi, amkamate na mali mkononi. Lakini huyu hakuiba. Aliwekewa kitu mezani, akakipokea. Bi Sindano alimwonea wivu hata kwa kutokuwa na hatia.

Mama Keki aliweka mwiko chini. "Lakini nakwama, wifi. Nimeharibu keki ya harusi ya watu. Kuna mteja amenitukana mpaka marehemu mume wangu akapata fungu lake. Nilitaka kuita fundi mwingine, Kaka Fundi akaniambia nivumilie, ugonjwa huu ni wa kuvizia. Namheshimu, nikavumilia. Ila ngoja ngoja huumiza matumbo."

Trei ya tatu ilikuwa ndani oveni ilipozima. Haikutoa mlio wala moshi. Ile taa ndogo ilikuwepo na sasa haipo. Mama Keki hakushtuka. Alisema tu, "Ndiyo hiyo," akavuta trei akaifunika kwa kitambaa.

Bi Sindano alizima swichi ya ukutani, akachomoa plagi, akaiweka juu ya meza mahali anapoiona. Alisubiri bati la nyuma lipoe kiasi cha kushikika, akalifungua, akawasha tochi.

Nyaya ziliingia zote mahali pamoja, kila waya umebanwa na skrubu yake, na juu ya kila skrubu palikuwa na tone jekundu, nusu skrubu, nusu chuma. Alizipitia moja moja jinsi anavyokagua vifungo vya shati kabla ya kulikabidhi kwa mwenyewe. Kimoja hakikuwepo. Skrubu ya chini, pembeni, haikuwa na tone. Plastiki iliyoizunguka ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia. Aliigusa kwa ncha ya bisbisi, na skrubu ikacheza.

Mtu mwingine angesema Fundi hakuiona. Bi Sindano alimjua mumewe. Aliyekaza za juu yake na za ubavuni mwake, na kila moja akaitia tone, hawezi kuiruka hii iliyobadilika rangi, labda afumbe macho kwa kusudi. Fundi aliiona siku ya kwanza. Aliiona kila siku aliyokuja baada ya hapo, akafunga bati, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani.

Na ugonjwa huu Bi Sindano aliujua vizuri, maana ndio uliomwoza. Alikuwa binti, anashona katika duka la shangazi yake, na cherehani ya umeme ya dukani ikawa inakatika katika. Kijana mmoja aliitwa kuitengeneza. Alikuja, akarudi, akarudi tena, mpaka shangazi akasema fundi huyu ni bure kabisa. Binti hakusema kitu. Walipokwisha kuoana ndipo kijana alipokiri: ulikuwa waya mmoja tu umelegea, naye aliuacha ulegee ili apate sababu ya kuja. Waliicheka hadithi hiyo miaka na miaka. Ilikuwa ndiyo hadithi yao, ya kusimulia watoto. Sasa ile hila, iliyotengenezwa kwa ajili yake yeye, ilikuwa imetolewa sandukuni ikavalishwa mwingine.

Alishika meza.

"Umeona kitu?" Mama Keki aliuliza.

Hapa ndipo palipopangwa yasemwe yale maneno ya kumalizia. Yalikuwepo yote, ya moto, lakini aliyestahili kuambiwa alikuwa hotelini na mashine za kufulia. Angeweza kufunga bati na kusema hajaona kitu. Angeweza pia kusema yote, na Fundi akaaibika mbele ya mtu anayecheka hadithi zake. Alishangaa kuona kwamba hilo hakulitaka. Alikuwa tayari kumchuna mumewe ngozi, lakini kwa mikono yake mwenyewe na ndani ya nyumba yake, si kumkabidhi kwa mwanamke mwingine akiwa amechunwa.

"Skrubu imelegea," alisema. "Ikipata moto inaachia waya, ikipoa inaushika tena. Imejificha huku chini. Si rahisi kuiona."

Alikata ncha ya waya iliyoungua, akachuna ganda, akaurudisha mahali pake, akakaza mpaka bisbisi ikakataa kwenda. Mkono wake haukucheza. Alimwambia Mama Keki kwamba kile kipande cha plastiki kimechoka, kitabadilishwa, na kwamba atakileta yeye mwenyewe. Kisha wakawasha. Trei zikaingia na kutoka mpaka mwanga ukahama kwenye meza, na oveni haikuzima. Mama Keki alimkumbatia na unga wake wote, akamwambia, "Wifi, umeniokoa." Bi Sindano alirudi nyumbani ananukia vanila.

Fundi alirudi jioni amechoka. Hakukuta swali mlangoni, na jambo hilo lilimtia wasiwasi kuliko maswali yenyewe. Alivua viatu polepole akisikiliza. Mkewe alikuwa ametoa sare kwenye kiti kimoja na kuweka chakula mbele yake. Fundi alikaa.

"Kesho una kazi wapi?" Bi Sindano aliuliza.

"Kesho nitapitia kwa Mama Keki kidogo. Amenipigia simu leo mchana. Ile oveni imezima tena."

"Mchana wa leo?"

"Ndiyo. Adhuhuri hivi."

"Adhuhuri nilikuwa jikoni kwake," alisema Bi Sindano. "Nimekaa kwenye kiti chako, na hakugusa simu."

Kijiko cha Fundi kilisimama njiani.

"Haitazima tena. Ile skrubu ya chini, uliyoinyima tone, nimeikaza." Alijitahidi sauti yake isipande. "Plastiki imeanza kuungua, baba watoto. Mjane wa watu ungemchomea nyumba kwa ajili ya chai."

Fundi alirudisha kijiko kwenye sahani.

"Kila nikienda nilisema leo naikaza. Nikifika, nasema nitaikaza nikitoka. Nikitoka, nasema kesho." Alifuta uso kwa kiganja. "Hakuna jambo kati yangu na yule mama. Haki ya Mungu hakuna."

"Ndivyo ulivyonioa mimi."

"Najua. Ule ulikuwa ujanja wa kijana anayetaka mke. Huu ni wa mzee anayetaka pa kukaa."

"Ningekuta jambo ningelimaliza leo leo," alisema Bi Sindano, na sasa sauti ilikataa kutii. "Ningejua la kufanya. Sikukuta jambo, nimekuta mende. Miaka yote hii nafua nguo zako, napika chakula chako, nalala ubavuni pako, halafu mende wako nakuja kumkuta kwa watu. Nikaulizwa namjua? Nikasema namjua. Nimedanganya kwa aibu."

Fundi alikaribia kucheka, akaona macho ya mkewe, akaacha.

"Hukuwahi kuniuliza," alisema.

"Nikuulize mende?"

"Uniulize chochote. Kule naulizwa hali yangu. Hapa naulizwa nilikuwa wapi."

Majibu yalimjaa Bi Sindano mdomoni. Kwamba na yeye hakuulizwa kuhusu jicho lake. Kwamba sifa za mkono wake zilipaswa kusemwa katika chumba hiki, mbele ya cherehani hii. Kwamba aliuliza alikuwa wapi kwa sababu alimtaka hapa. Yote yalikuwa ya haki, na angeyasema, kesho au kesho kutwa, Fundi asijidanganye. Lakini alilosema Fundi nalo lilikuwa la haki, na lilimkalia kifuani. Alivuta ile ndoo, akaipindua, akaikalia mbele ya mumewe.

"Haya," alisema, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Hali yako?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Fundi alitazama sahani.

"Mgongo unaniuma," alisema. "Huku chini. Mwaka wa pili huu."

Mwaka wa pili. Bi Sindano alikuwa amepiga pasi mgongo wa kila shati lake kwa muda wote huo, na hakujua. Alijaribu kulizuia swali lililofuata, likagoma.

"Na yeye anajua?"

Fundi angeweza kudanganya, na safari hii uongo wake ungepokewa kwa shukrani.

"Anajua."

Bi Sindano aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na chupa ya dawa ya kuchua.

"Vua shati," alisema. "Geuka."

Akamchua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Fundi, aliyejua sababu, hakulalamika.